Sauti haikumwangusha Buster Keaton

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika kurasa zako za burudani kuhusu enzi ya filamu bubu za Marekani. Kwa jumla makala ile ilikuwa nzuri, na ni jambo la kushukuru kwamba gazeti la Kiswahili linatenga ukurasa mzima kwa sanaa ambayo kilele chake kilikuwa takriban karne moja iliyopita. Hata hivyo, mwandishi alipofika kwa Buster Keaton alimmaliza kwa sentensi mbili: kwamba alikuwa mwigizaji wa vichekesho mwenye uso mkavu aliyependwa sana miaka ya 1920, na kwamba filamu zilipoanza kusema, yeye akashindwa kwenda na wakati na akasahaulika. Sentensi ya kwanza ni nusu ya ukweli, kwa sababu inamtaja mwigizaji na kumwacha mwongozaji. Ya pili si kweli, ingawa imerudiwa mara nyingi kiasi kwamba watu hawaoni tena haja ya kuidai ushahidi.

Nionavyo mimi, kilichomwangusha Keaton ni mkataba, wala si kipaza sauti. Alikuwa na studio yenye jina lake, akiigiza, akiongoza, akibuni vichekesho na kusimamia uhariri, lakini katika kampuni iliyoitwa kwa jina hilo hilo hakuwa na hisa hata moja. Siku wenye hisa walipoamua kuifunga, yeye alihamishwa pamoja na sifa zake kwenda kwa mwajiri mwingine, na hakuwa na sauti katika uamuzi huo. Hayo yalitokea mwanzoni mwa mwaka 1928, kabla hajatamka neno lolote mbele ya kamera, na ndiyo maana nasema mfuatano wa mambo unaosimuliwa kwa kawaida umepinduliwa.

Nianze na hoja ya sauti yenyewe, kwa kuwa ndiyo rahisi kuijibu. Joseph Frank Keaton alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas, wazazi wake Joe na Myra wakiwa safarini na kundi la maonyesho. Kabla hajatimiza umri wa kwenda shule alikuwa tayari jukwaani pamoja nao, katika onyesho lililokuja kujulikana kama The Three Keatons, ambamo baba alimrusha mwanawe huku na huku kama mzigo, hadi mgongoni mwa koti la mtoto ukashonwa mpini wa sanduku ili ashikike vizuri. Mashirika ya kuwalinda watoto yaliwaandama miaka mingi. Humo ndimo Keaton alimojifunza kuanguka bila kuumia, na humo ndimo alimogundua kwamba akicheka mwenyewe baada ya kutupwa, watazamaji hucheka kidogo, na akibaki amekaza uso, ukumbi mzima huvunjika mbavu. Lakini onyesho lile halikuwa la miereka peke yake. Lilikuwa na mazungumzo, nyimbo na kuigiza sauti za watu, na lilifanyika katika kumbi kubwa ambazo hazikuwa na mitambo ya kukuza sauti. Kumwambia mtu aliyelelewa hivyo kwamba aliogopa kusema ni kutojua alikotoka.

Alipoingia kwenye filamu mwaka 1917, aliingia kwa hiari na kwa hasara. Onyesho la familia lilikuwa limevunjika kwa sababu ya ulevi wa baba yake, naye alikuwa amepata nafasi katika onyesho kubwa la jukwaani jijini New York kwa dola 250 kwa wiki. Kabla mazoezi hayajaanza alimtembelea Roscoe Arbuckle, mmoja wa wachekeshaji waliokuwa na majina makubwa wakati ule, katika studio yake jijini humo, akacheza naye kipande kifupi, na mara moja akauacha ule mkataba wa jukwaani ili afanye kazi kwa dola 40 kwa wiki. Husimuliwa kwamba jambo la kwanza alilotaka ni kuijua kamera, kwa hiyo akaifungua na kuichunguza kifaa kwa kifaa. Iwe kila undani wa kisa hicho ni sahihi au umetiwa chumvi, filamu alizokuja kuzitengeneza zinaonyesha mtu aliyeijua mashine ile ndani nje. Alihudumu jeshini nchini Ufaransa mwaka 1918, akarudi na usikivu uliodhoofika kwa maisha yake yote, na kufikia mwaka 1920 mtayarishaji Joseph Schenck alikuwa amemkabidhi studio ya kwake mwenyewe huko Hollywood, kwenye kona ya Lillian Way, mahali ambapo Charlie Chaplin aliwahi kufanyia kazi kabla yake.

Hapa ndipo naomba wasomaji watulie kidogo, maana miaka minane iliyofuata ndiyo kiini cha suala lote. Kati ya mwaka 1920 na 1923 studio ile ilitoa filamu fupi 19, kisha zikafuata filamu ndefu kumi hadi mwaka 1928. Kundi lilikuwa dogo na halikubadilika sana: Elgin Lessley kwenye kamera, Fred Gabourie kwenye ujenzi wa mandhari na mitambo, na wabunifu wa vichekesho kama Clyde Bruckman, Jean Havez na Joseph Mitchell. Hawakuwa na mswada uliopigwa chapa. Walihitaji mwanzo mzuri na mwisho mzuri, na Keaton alikuwa akisema kwamba vikipatikana hivyo, katikati hujipanga penyewe. Wakikwama, walitoka nje kucheza besiboli mpaka mmoja wao apate wazo, kisha wakarudi kwenye kamera. Studio yenye mhasibu mkali isingevumilia utaratibu huo hata juma moja. Lakini ulizaa kazi ambazo hazijapata mpinzani, kwa sababu mtu yule yule aliyebuni kichekesho ndiye aliyeamua kamera iwekwe wapi, ndiye aliyeanguka mbele yake, na ndiye aliyekata mkanda baadaye.

Nitoe mfano mmoja wa ufundi huo. Katika filamu fupi ya The Playhouse ya mwaka 1921, Keaton anaonekana akiwa kila mtu katika ukumbi wa maonyesho: kiongozi wa bendi, wapigaji wote wa ala, wacheza jukwaani, wazee na watoto waliokaa kwenye viti. Katika tukio moja wapo tisa kwa pamoja, wamejipanga mstari mmoja jukwaani. Wakati ule hakukuwa na maabara ya kuunganisha picha kwa urahisi. Kila kitu kilifanyika ndani ya kamera. Lenzi iliwekewa kisanduku chenye vifuniko vyembamba tisa, kikafunguliwa kimoja, Keaton akacheza sehemu yake, mkanda ukarudishwa nyuma hadi alama ya mwanzo, kikafungwa kile na kufunguliwa cha pili, na hivyo hivyo mpaka cha tisa. Kamera ilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo kama Lessley angekosea kasi hata kidogo katika mzunguko mmoja, wale tisa wasingekwenda pamoja, na kazi yote ingeanza upya. Keaton naye alilazimika kucheza kila mara kwa mapigo yale yale, akifuata muziki wa banjo. Ukitazama tukio hilo leo huoni mshono.

Filamu hiyo hiyo inaeleza pia kwa nini waandishi wengi, akiwamo wa makala yako, humtaja Keaton kama mwigizaji tu. Ilikuwa na mzaha dhidi ya watayarishaji waliopenda kuandika majina yao kila mahali kwenye filamu zao, hasa Thomas Ince, na baada ya kuwakejeli wengine kwa tabia hiyo Keaton aliona haya kujiandikia sifa nyingi. Ndiyo sababu filamu ya Steamboat Bill, Jr. ina jina la Charles Reisner kama mwongozaji, na College ina jina la James Horne, ilhali waliofanya kazi nao walijua ni nani aliyekuwa akiamua. Anayetafuta mwongozaji kwa kusoma majina ya mwanzo wa filamu peke yake hatamwona Keaton hata nusu ya alivyokuwa.

Kuna jambo jingine kuhusu kazi ya miaka hiyo linalohusiana moja kwa moja na hoja ya sauti. Filamu bubu ziliyategemea maandishi yaliyokatiza picha ili kueleza hadithi na kuwasilisha mazungumzo. Keaton aliyachukia. Alisema kwamba filamu ndefu ya kawaida ilitumia maandishi kama 240, na kwamba yeye hakuwahi kuzidisha 56. Hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya ukimya kwa kukosa maneno. Alikuwa akiyapunguza kwa makusudi hata pale alipoweza kuyatumia, kwa sababu aliamini kwamba jambo linaloweza kuonyeshwa halina haja ya kusemwa. Mwongozaji mwenye msimamo kama huo hana sababu ya kuiogopa sauti, mradi tu aachiwe kuamua yeye itumike wapi.

Filamu iliyobadilisha bahati yake ni The General, iliyopigwa mwaka 1926. Hadithi yake ni ya dereva wa garimoshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na Keaton aliipeleka Cottage Grove, jimbo la Oregon, kwa kuwa huko kulikuwa na reli za mtindo wa zamani na misitu iliyofanana na mandhari ya karne ya 19. Askari wa akiba wa jimbo hilo waliigiza majeshi yote mawili, wakibadilisha sare kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tarehe 23 Julai 1926, injini halisi ya garimoshi iliendeshwa juu ya daraja lililokuwa likiungua kwenye Mto Row, daraja likakatika, na injini ikaporomoka mtoni. Tukio hilo lilipigwa mara moja tu. Hapakuwa na injini ya pili. Gharama inayotajwa mara nyingi ni dola 42,000, na chuma chake kilibaki majini hadi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kilipotolewa kwa ajili ya viwanda. Filamu nzima iligharimu takriban dola 750,000, na mapato yake ndani ya Marekani hayakufikia kiasi hicho. Wahakiki wengi wa magazeti ya wakati ule waliiponda, wakisema ni ndefu na haichekeshi. Leo ni miongoni mwa filamu za kwanza kabisa kuingizwa katika Sajili ya Taifa ya Filamu ya Marekani, mwaka 1989, lakini mwaka 1927 Joseph Schenck hakuwa na sajili hiyo mezani. Alikuwa na daftari la hasara.

Sitaki kumfanya Schenck kuwa shetani wa kisa hiki. Alimlipa Keaton vizuri, mshahara wa kila wiki pamoja na robo ya faida, na kwa miaka mingi hakumwingilia kazini. Tatizo ni kwamba Keaton aliuona ukarimu huo kuwa ndio usalama. Chaplin alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya filamu ya United Artists mwaka 1919 na alizimiliki filamu zake. Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa filamu bubu, alikuwa na kampuni yake na alizihifadhi filamu zake kama mali ya familia. Keaton hakuuliza. Alikuwa amelelewa katika familia ambamo baba ndiye aliyepokea malipo na mtoto alifanya kazi, na kwa Schenck, ambaye tangu mwaka 1921 alikuwa pia shemeji yake kwa kuwa walioa dada wawili wa familia ya Talmadge, alijikabidhi vivyo hivyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali iliyopotea haikuwa fedha tu bali haki ya kuamua filamu itengenezweje.

Dalili za kuingiliwa zilianza hata kabla studio haijafungwa. Steamboat Bill, Jr. ilipigwa mwaka 1927 kando ya mto jijini Sacramento, na mpango wake wa awali ulikuwa uishie kwa mafuriko. Keaton akaambiwa abadilishe, kwa kuwa mwaka huo mafuriko ya Mto Mississippi yalikuwa yameua watu na haikufaa kuyafanyia mzaha. Akabadilisha yakawa kimbunga, na mandhari yaliyokwisha kujengwa yakabidi yarekebishwe kwa gharama kubwa. Ni ndani ya kimbunga hicho ndimo limo tukio ambalo hata wasiomjua Keaton wameliona: amesimama barabarani akiwa amepigwa na butwaa, ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, na yeye anabaki salama kwa sababu alikuwa amesimama penye dirisha lililo wazi. Ukuta ule haukuwa wa karatasi. Unatajwa kuwa na uzito wa tani mbili, kwa kuwa wa kitu chepesi ungepeperushwa na upepo wa mashine na kukosa shabaha. Ulifungwa bawaba chini, pakawekwa alama ardhini mahali pa miguu yake, na nafasi kati ya mwili wake na fremu ya dirisha ilikuwa ya inchi chache. Inasimuliwa kwamba baadhi ya waliokuwa nyuma ya kamera waligeuza nyuso. Ukilitazama kwa makini, utaona kwamba kamera imewekwa mbali na haikatwi: nyumba yote imo ndani ya picha, mtu yumo, na ukuta unaanguka kutoka mwanzo hadi mwisho mbele ya macho yako. Huo ni uamuzi wa mwongozaji. Mwingine angekata kwenda kwenye uso, kisha kwenye ukuta, kisha kwenye vumbi, na hakuna ambaye angeshangaa.

Studio ilifungwa. Schenck, ambaye sasa aliiongoza United Artists, alimshauri ahamie Metro-Goldwyn-Mayer (MGM), kampuni ambayo mmiliki wake, Loew's, iliongozwa na Nicholas Schenck, mdogo wake Joseph. Chaplin na Lloyd walimwonya wote wawili asikubali, kwa sababu katika studio kubwa kila mtu angekuwa na maoni kuhusu vichekesho vyake. Keaton alisitasita, kisha akasaini mwezi Januari 1928 kwa dola 3,000 kwa wiki, na baadaye maishani aliuita uamuzi huo kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya.

Kilichofuata ndicho ushahidi wangu mkuu. Filamu ya kwanza ya MGM, The Cameraman ya mwaka 1928, ilikuwa bado bubu. Studio ilimpa mswada mnene wenye wahusika wengi na visa vidogo vidogo, ikampeleka New York kupiga picha barabarani pamoja na mwongozaji Edward Sedgwick. Watu walimtambua mara moja, umati ukafunga njia, kazi ikakwama. Keaton akampigia simu Irving Thalberg, mkuu wa utayarishaji, akamwomba ruhusa ya kuuweka kando mswada na kurudi kufanya kazi anavyojua. Thalberg alikubali. Matokeo yake ni filamu bora, yenye tukio la mtu mmoja akicheza mchezo mzima wa besiboli peke yake katika uwanja mtupu wa Yankee, akirusha mpira usiokuwapo, akiupiga, akikimbia, na kushangiliwa na viti visivyo na watu. Lakini ruhusa ile ilikuwa fadhila. Hakupewa tena kwa kiwango hicho. Kwa filamu iliyofuata, Spite Marriage ya mwaka 1929, Keaton mwenyewe ndiye aliyetaka itengenezwe kwa sauti, na studio ndiyo iliyokataa. Alikuwa na wazo lake: wahusika waseme panapohitajika kusema, na kichekesho cha vitendo kiachwe kiende kimya na kelele zake za kawaida. Naomba jambo hili lizingatiwe, kwa kuwa linaipindua kabisa hadithi ya mtu aliyekimbia kipaza sauti.

Alipopewa sauti mwaka 1930, alipewa katika Free and Easy, filamu iliyojaa nyimbo, ngoma na utani wa maneno ulioandikwa na watu wengine. Mhusika wa zamani wa Keaton alikuwa mtu mdogo anayekutana na mtambo mkubwa, iwe garimoshi, meli au kimbunga, na kwa akili na ukaidi wake akaushinda. Mhusika aliyeandikiwa na MGM aliitwa Elmer, na kazi yake ilikuwa kukosea, kugugumia na kuonewa huruma. Mwishoni anapakwa rangi za kinyago usoni na kumpoteza msichana kwa kijana mwenye sura nzuri. Sura ile ambayo kwa miaka kumi haikuhitaji chochote ilifunikwa kwa rangi ili mtazamaji aambiwe kwamba mtu huyu ana huzuni. Sauti yenyewe haina kasoro: ni nzito kidogo, yenye mkwaruzo, inayolingana vizuri na uso wake. Studio iliithamini kiasi cha kumfanya atamke mazungumzo kwa Kihispania, Kifaransa na Kijerumani, lugha asizozijua, kwa ajili ya matoleo ya nje. Na nyingi ya filamu hizo za sauti ziliipatia MGM faida, jambo ambalo The General ilishindwa kulifanya ilipotoka. Kama sauti ndiyo iliyomkataa, basi watazamaji wa wakati ule hawakuambiwa.

Ni kweli alikunywa pombe, na alikunywa vibaya. Ndoa yake na Natalie Talmadge ilivunjika mwaka 1932, watoto wake wawili wa kiume wakabadilishiwa jina la ukoo, alichelewa kazini au hakuja kabisa, na mwezi Februari 1933 akafukuzwa. Sitetei hayo, wala sidai kwamba studio ndiyo iliyomshika mkono na kumnywesha. Ulevi ulikuwa katika familia tangu kwa baba yake. Nasema tu kwamba ulikuja kushika kasi alipokuwa amekwisha kunyang'anywa kazi yenyewe, na kwamba anayetaka kuutaja hana budi kuutaja kwa mpangilio huo.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Alitengeneza filamu fupi 16 katika kampuni ndogo iitwayo Educational kati ya mwaka 1934 na 1937, nyingine kumi kwa Columbia kuanzia mwaka 1939, zote kwa bajeti finyu, na chache tu zinastahili kutazamwa. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba alirudi MGM, mwanzoni kwa dola 100 kwa wiki, kama mbunifu wa vichekesho wa wengine asiyetajwa jina, huku studio hiyo ikimtengenezea mchekeshaji Red Skelton filamu zilizochotwa katika kazi za Keaton mwenyewe: mwaka 1943 kutoka Spite Marriage, mwaka 1948 kutoka The General, na mwaka 1950 kutoka The Cameraman. Wamiliki walijua kabisa kwamba mali ile bado ina thamani, na kwamba inasemeka vizuri tu kwa sauti.

Neno la makala yako kwamba "akasahaulika" nalo lina walakini. Aliacha pombe kwa sehemu kubwa, alimwoa Eleanor Norris mwaka 1940 na kuishi naye hadi mwisho, akapanda jukwaa la sarakasi ya Medrano jijini Paris mwaka 1947, na mwaka 1949 jarida la Life lilichapisha insha ya James Agee iliyomrudisha midomoni mwa wasomi wa Marekani. Alikuwa na kipindi chake cha televisheni, akacheza tukio moja na Chaplin katika Limelight ya mwaka 1952, akapewa Oscar ya heshima katika sherehe za mwaka 1960, na mwaka 1965 tamasha la filamu la Venice lilisimama kumshangilia. Wakati huo nakala za filamu zake zilizodhaniwa zimepotea zilikuwa zimepatikana, baadhi yake katika nyumba aliyowahi kuijenga Beverly Hills, ambayo mwigizaji James Mason aliinunua baadaye na kukuta mikanda imefungiwa ndani. Alifariki tarehe 1 Februari 1966 akiwa bado anafanya kazi.

Kwa hayo yote, Ndugu Mhariri, naomba mambo mawili. La kwanza ni masahihisho mafupi: Keaton atajwe kuwa mwigizaji na mwongozaji, na sababu ya kuanguka kwake itajwe kuwa kupoteza studio yake mwaka 1928. La pili ni kwamba, kama gazeti litaendelea na mfululizo huu, wasomaji waelekezwe kwenye filamu zenyewe, maana zile za bubu sasa zinapatikana kwa wingi na bila malipo. Haki miliki ya filamu zote zilizotolewa Marekani mwaka 1928, The Cameraman ikiwamo, iliisha nchini humo tarehe 1 Januari 2024. Mwenye nafasi ya jioni moja tu aitazame hiyo kwanza, kisha aitazame Free and Easy, iliyotengenezwa miaka miwili baadaye katika studio ile ile na kuongozwa na Edward Sedgwick yule yule, halafu aamue mwenyewe ni nini kilichokuwa kimebadilika kati ya moja na nyingine.

Wako katika kusoma,
Msomaji wa siku nyingi